Tunda Zima au Maji Yake?



Somo letu la afya mwezi huu linatokana na swali linaloulizwa mara kwa mara baada ya ibada, hasa na akina mama, na siku hizi na akina baba pia. Mtu ameambiwa kliniki apunguze uzito. Je, afadhali ale matunda, au anywe maji yake? Wengi wameshajijibu wenyewe. Wameacha soda, wameacha maandazi ya asubuhi, na badala yake wameweka mezani jagi la juisi ya embe au ya machungwa, wakinywa bilauri tatu au nne kwa siku kwa moyo mweupe, maana juisi ni matunda na matunda ni afya. Mwezi unapita, wanapanda mizani, na mshale umesimama palepale, au umesogea mbele. Hapo ndipo mtu hukata tamaa na kusema unene wake ni wa ukoo, haupungui.

Jibu letu tunalitoa mapema: ale tunda zima. Lakini jibu bila sababu halikai moyoni, na tena sababu zenyewe zinapendeza kuzijua. Tuzitazame polepole.

Kwanza tuseme kwa nini jambo hili limefika mpaka kwenye gazeti la mtaa. Wazee wetu wanakumbuka vikundi vya redio vya miaka ile: kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai mwaka 1975, watu wakikaa chini ya mti na kitabu na redio ya betri, wakijifunza kuchimba vyoo na kuwapa watoto chakula cha kutosha. Wakati ule habari ya unene haikuwa na nafasi kubwa; hofu ilikuwa njaa na utapiamlo. Mwaka 1989 madaktari waliandika katika gazeti la tiba la Lancet habari za vijiji sita vya Tanzania walivyopima, na wenye ugonjwa wa kisukari hawakufikia hata mmoja katika kila watu mia. Ulipofanyika uchunguzi wa taifa mwaka 2012 kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, wenye kisukari walikuwa kama 9 katika kila mia, na wenye uzito uliozidi walikuwa 26 katika kila mia. Waliopimwa mara hizi mbili hawakuwa wa umri uleule wala wa mahali palepale, kwa hiyo tusizilinganishe hesabu hizi kama ndugu mapacha. Hata hivyo njia tunayoelekea inaonekana.

Na jambo la kusikitisha ni kwamba njaa ya zamani haijaondoka ili kuupisha unene. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto wapatao 3 katika kila 10 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika nyumba moja unaweza kumkuta bibi mwenye uzito wa kumwumiza magoti na mjukuu asiyefikia kimo cha umri wake. Chakula cha mezani ni kilekile. Basi tunaposema habari za matunda na juisi, tunawasemea wote wawili.

Tena kuna jambo moja la huku kwetu ambalo wataalamu wa mbali hawalijui. Kupungua mwili si jambo la furaha machoni pa jirani. Mtu akikonda, watu hunong'ona: anaumwa nini? Tangu maradhi ya UKIMWI yalipoingia, mnong'ono huo umekuwa mkali zaidi. Ndiyo maana wengi walioambiwa wapunguze uzito hufanya siri, na mwenye siri hutafuta njia ya mkato: juma moja la kunywa juisi tupu, bila chakula, ili jambo liishe upesi. Tutarudi kwenye njia hiyo ya mkato baadaye.

Tunda lilivyo ndani

Chukua chungwa ulipasue. Utaona vile vijifuko vidogo vilivyojaa maji, vimepangwa kama watoto waliolala kitanda kimoja, na kila kifuko kina ngozi yake nyembamba. Sukari ya chungwa imefungwa humo. Ngozi hizo, na ule utando mweupe unaozitenganisha pande za chungwa, ndizo nyuzinyuzi, au kambakamba kama wengine wasemavyo. Tumbo la mwanadamu haliwezi kuziyeyusha kama linavyoyeyusha wali. Hupita, na katika kupita hufanya kazi: huchukua nafasi tumboni, huchelewesha chakula kisiingie haraka kwenye damu, hulainisha choo.

Sasa likamue. Maji yametoka, na sukari nyingi imetoka pamoja nayo. Kilichobaki kwenye kichujio ni makapi, na makapi tunawatupia kuku. Hapo tumewapa kuku shibe yetu, tukabaki na utamu.

Tuhesabu kidogo. Chungwa la kadiri lina sukari kama gramu 12 na nyuzinyuzi kama gramu 3, na nguvu ya kalori kama 60 hivi. Ili kupata bilauri moja ya mililita 250 unahitaji machungwa kama matatu, mengine yakiwa makavu hata manne. Bilauri hiyo ina sukari gramu 20 hivi, yaani vijiko vidogo vitano, na kalori kama 110. Nyuzinyuzi zilizobaki hazifiki gramu moja. Tumezoea kusema soda ni mbaya, nasi hatuitetei. Lakini bilauri hiyohiyo ikijazwa soda ya kola ina sukari gramu 26 hivi. Mtu akiongeza vijiko viwili vya sukari katika juisi yake ya machungwa, kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi, ameshaipita soda. Tofauti iliyobaki ni vitamini, ambayo ni kitu chema, lakini mizani haipimi vitamini.

Kisha tazama mwendo. Nani huketi akamenya na kula machungwa manne kwa mara moja? Wapo, hasa vijana, lakini wengi wetu baada ya la pili tunafuta mikono. Kumenya kunachukua muda, kutafuna kunachukua muda, mbegu zinatemwa moja moja, na wakati huo tumbo linapata nafasi ya kupeleka habari kichwani kwamba kimeingia kitu. Lakini bilauri ya machungwa matatu, mtu aliyetoka juani anaimaliza kwa mafunda sita, na mkono unarudi kwenye jagi.

Jambo hili lilipimwa. Mwaka 1977 madaktari wa Bristol huko Uingereza waliwachukua watu kumi wenye afya, wakawapa matofaa kwa namna tatu: siku moja matofaa mazima, siku nyingine yaliyopondwa, na siku nyingine maji yake tu. Kiasi cha sukari kilikuwa kilekile mara zote tatu. Walikuta kwamba maji yaliweza kunywewa mara kumi na moja upesi kuliko kula matofaa mazima. Waliokunywa maji walishiba kidogo kuliko wote. Walioyala mazima walishiba zaidi. Ya kupondwa yalikuwa katikati. Sukari katika damu ilipanda karibu sawa kwa wote, lakini kwa waliokunywa maji kongosho ilitoa insulini nyingi zaidi, na baadaye sukari ikaporomoka chini, jambo ambalo halikutokea baada ya tunda zima. Huku kuporomoka mtu hukusikia kama njaa. Ndugu uliyekunywa juisi saa nne ukashangaa saa tano na nusu unatamani chapati, huenda sababu ni hiyo.

Walifuata wengine. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, walitoa habari za watu 58 waliopewa tofaa, au tofaa lililopondwa, au juisi yake, robo saa kabla ya chakula cha mchana. Waliokula tofaa zima walipunguza chakula chao, pamoja na lile tofaa lenyewe, kwa asilimia 15 kuliko siku waliyoanza chakula bila kitu. Juisi haikufanya hivyo. Na hapa pana jambo la kuangalia sana: walijaribu hata kurudisha nyuzinyuzi ndani ya juisi, na bado haikushibisha kama tunda. Maana yake si nyuzinyuzi peke yake zenye kazi. Umbo la tunda, na meno yetu, vina kazi pia.

Mtoto wa Kyela anayajua haya bila kusoma. Anapopasua kakao na kunyonya ule utando mweupe mtamu kwenye mbegu, anakaa na ganda moja muda mrefu, mbegu moja baada ya nyingine, na hatujamwona mtoto aliyenenepa kwa kunyonya kakao. Lakini mpe mtoto huyohuyo maji ya miwa yaliyokamuliwa kwa mashine: muwa mrefu, ambao angeutafuna tangu mlangoni mpaka shuleni, unaisha katika bilauri moja kabla hajavuka barabara. Na maji ya miwa yana sukari nyingi kuliko maji ya machungwa.

Hesabu ya mwezi

Bilauri mbili kwa siku, tukikadiria kalori 220, zikiongezwa juu ya chakula cha kawaida na si badala yake, ni kalori 6,600 kwa siku thelathini. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori kama 7,700. Mwili si daftari la duka, nao una njia zake za kujirekebisha. Lakini mtu anayejiuliza kwa nini kilo hazishuki, hapa ana mahali pa kutazama. Ukitaka kuzitumia kalori 220 kwa miguu, mtu wa kilo 70 atahitaji kutembea kwa haraka karibu saa nzima. Ni rahisi kutokunywa kuliko kutembea, ingawa kutembea nako tunakusifu kwa sababu nyingine.

Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nguvu ya chakula cha siku, na ikiwezekana isizidi nusu ya hiyo, yaani kwa mtu wa kalori 2,000 gramu 25 hivi, vijiko vidogo sita. Wasomaji wengi wanashangaa kusikia kwamba Shirika hilo linahesabu sukari ya maji ya matunda pamoja na ile ya kwenye kopo, na asali vilevile. Sukari iliyomo ndani ya tunda zima hailihesabu humo. Kwa hiyo bilauri moja ya juisi isiyotiwa kitu karibu imemaliza vile vijiko sita, kabla hujagusa chai. Na chai ya huku kwetu tunaijua.

Mtu atasema: lakini kisukari kinaletwa na sukari, je, wale wala matunda hawako hatarini? Mwaka 2013 gazeti la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha habari za wauguzi na wafanyakazi wa afya wa Marekani zaidi ya 187,000 waliofuatwa kwa miaka mingi. Waliokula matunda mazima zaidi, hasa zabibu, matofaa na matunda madogo ya buluu ya kwao, walipata kisukari kwa uchache. Waliokunywa juisi zaidi walikipata kwa wingi. Uchunguzi wa namna hii hauwezi kuthibitisha sababu moja kwa moja, maana mla matunda huenda ana desturi nyingine njema pia. Lakini ukiuweka pamoja na yale majaribio mawili, yote yanaelekeza upande mmoja.

Juisi zetu za nyumbani, za dukani, na za mashine

Tusichanganye mambo. Hapa Njisi neno juisi lina watoto wengi. Ipo ya kukamua na kuchuja, tuliyoieleza. Ipo ya kusaga kwenye mashine ya umeme, embe au papai au parachichi, bila kuchuja. Hiyo ni bora kidogo, kwa sababu nyuzinyuzi zimo bado ingawa zimekatwakatwa. Tuifananishe na yale matofaa yaliyopondwa, yaliyokuwa katikati. Akinywa mtu bilauri moja, nzito, isiyotiwa sukari, kama sehemu ya chakula, hatumlaumu. Lakini akisaga embe mbili na ndizi mbili, akatia maziwa ya kopo na vijiko vitatu vya sukari, akasema ni kinywaji cha kupungua, huyo ametengeneza chakula cha mkulima wa kuvuna mpunga.

Ipo ya pakiti kutoka dukani. Soma ubavuni. Vitu huandikwa kwa kufuata wingi wake, kilicho kingi kwanza. Ukiona maji, kisha sukari, kisha ndipo linatajwa tunda, fahamu kwamba umenunua maji ya sukari yaliyopakwa rangi ya tunda. Na ipo ile ya unga wa kukoroga, ambayo embe halikuwahi hata kupita karibu yake. Inatuuma kumwona mama ameketi kando ya barabara ya mpakani na fungu la machungwa mazuri ya shambani kwake, akiyauza, halafu fedha ile ikanunua pakiti mbili za juisi kwa ajili ya mtoto. Mtoto amepoteza machungwa na mama amepoteza fedha. Madaktari wa watoto wa Marekani waliagiza mwaka 2017 kwamba mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe juisi kabisa, isipokuwa daktari ameagiza. Mtoto aliyeanza kula apondewe papai au ndizi mbivu, ale kwa kijiko.

Sasa ile njia ya mkato, juma la juisi tupu. Uzito utashuka, hatukatai. Lakini sehemu kubwa ya kilo zinazoondoka siku za kwanza ni maji, na akirudi kwenye wali kilo zinarudi nazo. Juisi karibu haina utomvu wa kujenga mwili, ule tunaoupata kwa maharage, samaki na mayai, kwa hiyo mwili hula misuli yake wenyewe. Kwa mwenye kisukari anayetumia dawa, jambo hili ni la hatari kabisa. Hata wale wanaofunga Kwaresima na kufungua kwa jagi la juisi tungewashauri wafungue kwa maji na kipande cha tunda, kisha chakula. Kufunga ni jambo jingine na kupunguza unene ni jambo jingine. Anayeyafunga mafundo hayo mawili kwa kamba moja mara nyingi hukosa yote.

Basi ale nini?

Tusimpeleke mtu mbali na shamba lake. Ardhi ya huku kaskazini mwa Ziwa Nyasa inatoa embe, machungwa, ndizi, mapapai, mapera na mananasi, na maparachichi yanateremka kutoka Rungwe. Hakuna haja ya kununua matofaa ya kutoka mbali kwa sababu tu yametajwa katika majaribio.

Pera tunalisifu kuliko yote, na hatuelewi kwa nini tumelifanya tunda la watoto na ndege. Gramu 100 za pera zina nyuzinyuzi zaidi ya gramu 5, kalori chini ya 70, na vitamini C inayozidi ile ya chungwa mara kadhaa. Lile na ganda lake, baada ya kuoshwa. Papai nalo ni jepesi, kalori kama 43 katika gramu 100. Nanasi 50. Embe kama 60, na hapa lazima tuseme ukweli kwamba hata tunda zima lina kipimo. Embe kubwa lenye nyama ya gramu 300 lina kalori 180 na sukari gramu 40. Msimu wa embe, zinapoanguka usiku kucha na asubuhi mtu anakula tano kabla ya chai, hoja ya tunda zima haitamwokoa. Moja kubwa kwa siku yatosha kwa anayepunguza, au nusu asubuhi na nusu jioni.

Parachichi ni tofauti: sukari yake ni kidogo lakini mafuta yake ni mengi, na nusu ya parachichi la kadiri ina kalori kama 160. Ni mafuta mema. Liliwe badala ya mafuta ya kupikia au siagi ya mkate, si juu yake. Na ndizi: mbivu ya kadiri ina kalori kama 105, ihesabiwe tunda. Lakini ndizi za kupika, zile tunazochanganya na maharage au nyama, hizo kwenye sahani zikae mahali pa wali au ugali. Mtu asijaze sahani ya ndizi na sahani ya wali wa Kyela, akasema moja ni matunda.

Wakati mzuri wa kula tunda ni kabla ya chakula, au saa ile ya nne na ya kumi ambapo mkono hutafuta andazi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Mapande mawili ya papai na chungwa moja, pamoja na mboga za majani mara mbili, yanafika. Wenye maradhi ya figo wafuate daktari wao, kwa kuwa matunda mengi yana madini ya potasiamu. Na wanaotumia dawa za shinikizo la damu au za kushusha mafuta ya damu waulize juu ya balungi, maana balungi na maji yake hugombana na baadhi ya dawa hizo na kuzifanya kali kupita kiasi.

Kiu ikatwe kwa maji. Sentensi fupi, lakini huenda ndiyo yenye faida kuliko zote za ukurasa huu. Joto la huku bondeni linamlazimisha mtu kunywa kitu, na kama kitu hicho ni maji yaliyochemshwa yakapozwa mtungini, na kipande cha ndimu ndani kwa wapendao, nusu ya vita imepiganwa. Tunapokaribisha wageni, tuweke jagi la maji na sahani ya nanasi lililokatwa. Tunajua wapo watakaosema mwenyeji ni bahili. Umoja wa Mama katika mtaa wangeweza kuianza desturi hiyo kwenye mikutano yao, ili mtu mmoja asiibebe lawama peke yake.

Kabla mtu hajaanza, ajipime. Si kila mtu ana mizani, lakini kila nyumba ina kamba. Kata kamba ya urefu wako kutoka kisigino hadi utosi, uikunje mara mbili, kisha uizungushe kiunoni juu kidogo ya kitovu. Ncha zikikutana, vema. Zisipokutana, tumbo limezidi nusu ya kimo, na hapo madaktari wanasema hatari ya moyo na kisukari inaongezeka. Tundika kamba hiyo mahali, ujipime tena baada ya miezi mitatu. Kamba haisemi siri yako kwa jirani.

Vikundi vinavyosoma somo hili pamoja tungependa vijaribu jambo moja. Nunueni machungwa kumi. Matano yakamueni, mpime maji yake katika bilauri, na makapi myaweke kwenye sahani pembeni. Matano mengine yamenyeni, myale polepole mkizungumza. Wanaokunywa na wanaokula waandike saa waliyoanza na saa waliyomaliza, kisha baada ya saa moja kila mtu aseme kama ana njaa. Hamhitaji daktari wa Bristol kuwaeleza mtakayoyaona.

Limebaki jambo moja, nalo lisisahauliwe na nyumba yoyote yenye mgonjwa wa kisukari. Ule upesi wa juisi, ambao tumeulalamikia kurasa zote hizi, kuna saa unapookoa maisha. Mgonjwa anayetumia insulini, au vidonge kama glibenklamidi, sukari yake huweza kushuka kupita kiasi, hasa akichelewa kula au akilima kupita kawaida. Atatetemeka, atatoka jasho la baridi, moyo utamwenda mbio, atasema maneno yasiyopatana, pengine watu watadhani amelewa. Saa hiyo msimpe chungwa la kumenya. Mpeni nusu bilauri ya juisi, au soda ya sukari, au vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari vilivyokorogwa katika maji. Ngojeni dakika 15. Asipopata nafuu mpeni tena, na akipata nafuu ale chakula. Kama amezimia, msimmiminie kitu chochote kinywani. Mlazeni ubavu na kumkimbiza zahanati au hospitali. Pakiti moja ndogo ya juisi ikae ndani kwa kazi hiyo, na watoto waambiwe wazi kwamba ile ni dawa ya bibi, haiguswi.